Je, wajua kwa nini programu ileile huonekana safi kwenye skrini moja na kuwa na ukungu kwenye nyingine?

Unganisha kompyuta mpakato ya inchi 13.3 na skrini ya mezani ya inchi 24, zote mbili zikiwa na pikseli 1920 kwa 1080. Idadi ya pikseli ni moja, ila kwenye mpakato zimebanwa takriban 166 katika kila inchi, na kwenye ile ya mezani 92. Kitufe ulichokichora kwa upana wa pikseli 92 kitakuwa na sentimita mbili na nusu kwenye skrini kubwa, na sentimita 1.4 tu kwenye ndogo. Maandishi nayo yatasinyaa kwa kiasi hichohicho, hadi msomaji akunje macho.

Kwa hiyo pikseli haina ukubwa wake. Wasanidi programu karibu wote wanalijua hilo, lakini msimbo wao umejaa namba kama 300, 24 na 16 ambazo hazisemi ni 300 za nini. Chanzo ni mazoea ya zamani. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na nukta (yaani pikseli) 72 kwa inchi, na Windows ikazoea kuhesabu 96. Kwa miaka mingi skrini za watu hazikuwa mbali sana na namba hizo, kwa hiyo aliyeandika 300 alipata takriban alichokitarajia.

Skrini zilipoanza kubana pikseli nyingi, mifumo endeshi ikaleta ukuzaji, yaani kuonyesha vitu vyote kwa ukubwa ulioongezwa kwa kiwango fulani. Kwenye Windows, asilimia 100 ni nukta 96 kwa inchi, 125 ni nukta 120, 150 ni 144, na 200 ni 192. Mtumiaji huchagua kiwango kwenye mipangilio, na kila skrini inaweza kuwa na chake. Swali linalobaki ni nani atakayefanya kazi ya kukuza: mfumo, au programu yenyewe?

Ukungu unatoka wapi

Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, programu isiyojieleza huchukuliwa kuwa inajua nukta 96 tu. Basi mfumo unaificha ukweli. Ikiwa skrini ina pikseli 1920 kwa 1080 na ukuzaji ni asilimia 150, programu hiyo huambiwa kwamba skrini ina pikseli 1280 kwa 720. Inachora dirisha lake kwa vipimo hivyo, kisha mfumo unaichukua picha iliyokamilika na kuivuta mara 1.5.

Tazama mstari mweusi wenye unene wa pikseli moja. Baada ya kuvutwa unatakiwa kuwa na pikseli moja na nusu, na nusu pikseli haipo. Mfumo hauna budi kuchanganya rangi, na ukingo wa mstari unageuka kijivu. Herufi ndogo imeundwa kwa mistari ya aina hiyo mitupu, ndiyo maana maandishi huathirika kabla ya kitu kingine chochote.

Dawa ni programu kutangaza kwamba itajikuza yenyewe. Kwenye Windows kuna ngazi nne. Ya kwanza ni kutojua chochote, hiyo tuliyoieleza. Ya pili ni kujua ukuzaji wa mfumo: programu husoma kiwango cha skrini kuu mtumiaji anapoingia, na kubaki nacho hata dirisha likiburutwa hadi skrini nyingine, ambako litavutwa au kubanwa. Ya tatu, iliyokuja na Windows 8.1 mwaka 2013, ni kujua ukuzaji wa kila skrini. Ya nne ni toleo la pili la hiyo ya tatu, lililoletwa na Windows 10 toleo la 1703 mwaka 2017. Katika ngazi hii mfumo wenyewe hukuza upau wa kichwa na visanduku vya mazungumzo, na madirisha ya ndani pia hupata taarifa. Anayeanza leo hana sababu ya kuchagua nyingine.

Tangazo liandikwe kwenye faili la manifesti, ambalo huueleza mfumo kuhusu programu yako:

`<dpiAwareness>PerMonitorV2, PerMonitor</dpiAwareness>`

na chini yake, kwa ajili ya matoleo ya zamani ya Windows:

`<dpiAware>true/pm</dpiAware>`

Inawezekana pia kutangaza ndani ya msimbo kwa `SetProcessDpiAwarenessContext`, lakini wito huo lazima utangulie dirisha lolote. Maktaba moja ikiwahi kufungua dirisha, umechelewa. Manifesti husomwa kabla msimbo wako haujaanza kukimbia, kwa hiyo ndiyo njia ya kuaminika.

Tangazo peke yake halikuzi kitu, na hapa wengi hukwama. Ukitangaza bila kurekebisha vipimo, ukungu utatoweka na mahali pake patakuja madirisha madogo yasiyosomeka kwenye skrini yenye pikseli nyingi. Kama kazi ya vipimo bado haijafanywa, ni heri kuuacha ukungu. Maandishi yenye ukungu yanasomeka. Maandishi ya milimita moja hayasomeki.

Dirisha linapovuka skrini

Ukuzaji ni mali ya dirisha kwa wakati husika. Haufai kuwa thamani ya programu nzima inayosomwa mara moja na kuwekwa kwenye kigezo cha jumla. Usome kwa `GetDpiForWindow` kila unapouhitaji (dpi ni nukta kwa inchi), na upime vitu kwa `MulDiv(kipimo, dpi, 96)`, inayozidisha namba mbili za kwanza kisha kugawanya kwa ya tatu. Fanksheni za zamani zina ndugu zao wapya: badala ya `GetSystemMetrics` tumia `GetSystemMetricsForDpi`, na badala ya `AdjustWindowRectEx` tumia `AdjustWindowRectExForDpi`. Hizi zote zilikuja na Windows 10 toleo la 1607. Za zamani bado zipo na hazitoi kosa lolote. Hukupa tu namba za skrini isiyo yako, na ndiyo maana hitilafu zake huchukua muda kugundulika.

Dirisha likiburutwa hadi skrini yenye ukuzaji tofauti, mfumo hutuma ujumbe wa `WM_DPICHANGED`. Ujumbe huo una sehemu mbili za data: kiwango kipya kimo kwenye `wParam`. Kwenye `lParam` kuna anwani ya mstatili unaopendekezwa kuwa nafasi na ukubwa mpya wa dirisha. Upitishe mstatili huo kwa `SetWindowPos` kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Ukikokotoa ukubwa wako mwenyewe, dirisha lililo mpakani linaweza kubadilika umbo kiasi kwamba sehemu yake kubwa inarudi kwenye skrini ya kwanza. Hapo ujumbe hutumwa tena, ukubwa hubadilika tena, na dirisha linabaki likirukaruka huku mtumiaji ameshikilia kipanya. Mstatili wa mfumo umekokotolewa ili hilo lisitokee.

Baada ya hapo tengeneza fonti upya. Pointi moja ni sehemu moja ya 72 ya inchi, kwa hiyo kimo cha fonti ni `-MulDiv(pointi, dpi, 72)`: fonti ya pointi 9 huwa na pikseli 12 kwenye asilimia 100, pikseli 15 kwenye 125, na 18 kwenye 150. Pakia ikoni za ukubwa unaofaa, kisha panga upya vilivyomo ndani ya dirisha.

Desimali, adui wa kimyakimya

Asilimia 200 ni rahisi, maana kila namba inazidishwa kwa mbili. Taabu iko kwenye 125, 150 na 175. Chukua safu tatu zilizoshikana, kila moja ikiwa na upana wa 33. Kwa asilimia 125 kila safu ni 41.25. Ukikadiria upana wa kila moja unapata 41, na zote tatu zinafika 123. Lakini upana wa kisanduku kizima, 99, unakuwa 123.75, yaani 124. Pikseli moja imebaki wazi mwishoni, na rangi ya nyuma inachungulia kama mstari mwembamba. Namna sahihi ni kukadiria kingo badala ya upana: kingo za 0, 33, 66 na 99 huwa 0, 41, 83 na 124. Safu ya katikati inapata pikseli 42 na zilizo kando yake 41. Hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo, ilhali pengo la pikseli moja huonekana mara moja.

Jambo la pili ni kutokokotoa kutoka kwenye namba iliyokwisha kukadiriwa. Ukikata desimali, 33 kwa asilimia 125 inakuwa 41. Dirisha likirudi kwenye asilimia 100, 41 inakuwa 32. Safari moja ya kwenda na kurudi imekula pikseli. Hifadhi 33 ya asili, na kila mara anzia hapo.

Mistari myembamba inataka uamuzi wako. Pikseli 1.5 haichoreki kwa usafi, basi chagua 1 au 2, na kamwe usiruhusu matokeo yawe 0. Kwa ikoni za pikseli 16, andaa pia za 20, 24, 32, 40 na 48, au tumia michoro ya vekta, ambayo hukuzwa bila kuharibika. Ikoni ya 16 ikivutwa hadi 20, baadhi ya mistari yake inanenepa na mingine inabaki ilivyo, na mchoro wote unaonekana umepinda.

Mac, Linux na zana nyingine

Apple walichukua njia nyingine. Kwenye macOS unaandika vipimo kwa pointi, na mfumo unakupa `backingScaleFactor` ya 1 au 2. MacBook Pro ya Retina ya mwaka 2012 ilikuwa na pikseli 2880 kwa 1800, lakini programu ziliona pointi 1440 kwa 900. Mtumiaji akichagua kiwango cha katikati, mfumo huchora kwa mara mbili kisha hupunguza picha nzima, kwa hiyo msanidi haguswi na desimali. Mtego uko kwa wanaochora kwa OpenGL, zana ya kuchora michoro inayohesabu kwa pikseli halisi. Dirisha la 800 kwa 600 lina pikseli 1600 kwa 1200, na ukiipa `glViewport`, amri inayoweka eneo la kuchorea, ukubwa wa dirisha, picha itajaza robo moja tu, ile ya chini kushoto. Kwenye GLFW, maktaba ya kufungulia madirisha ya OpenGL, chukua vipimo kutoka `glfwGetFramebufferSize` badala ya `glfwGetWindowSize`.

Kwenye Linux kuna mifumo miwili ya kuonyesha madirisha, X11 na Wayland. Mazingira ya X11 kwa kawaida hutegemea thamani moja, `Xft.dpi`, kwa skrini zote. Wayland huipa kila skrini kiwango chake, na itifaki ya `fractional-scale-v1` hutuma namba ya kugawanywa kwa 120: ukipokea 180, ukuzaji ni 1.5.

Zana za kujengea madirisha nazo zina desturi zake. Qt 6 hukuza yenyewe bila kuombwa na huheshimu desimali. Qt 5 ilihitaji `AA_EnableHighDpiScaling` kabla ya kuunda `QApplication`, na kwa kawaida ilikadiria 1.5 kuwa 2. Java ilianza kujikuza kwenye Windows na Linux katika toleo la 9, mwaka 2017. Kwa Python na Tkinter kwenye Windows, ita `ctypes.windll.shcore.SetProcessDpiAwareness(1)` kabla ya `Tk()`, na andika vipimo kama `'10p'`, ambayo ni pointi, kwa sababu 10 tupu ni pikseli. Windows Forms inataka `Application.SetHighDpiMode(HighDpiMode.PerMonitorV2)` kabla ya fomu ya kwanza. Wasanidi wawili wenye viwango tofauti vya ukuzaji wakihariri fomu moja, namba kwenye faili la fomu zitabadilika kila mmoja anapohifadhi. Kubalianeni kuhariri fomu kwa asilimia 100.

Nafasi inapopungua

Ukuzaji hula nafasi. Skrini ya 1920 kwa 1080 kwa asilimia 150 inabaki na 1280 kwa 720 za kupangia vitu, na upau wa kazi wa Windows 11 unachukua 48 kati ya hizo 720. Kisanduku chenye kimo cha 700 hakitoshi tena, na kitufe cha kuhifadhi kinajificha chini ya upau. Skrini ya 1366 kwa 768 kwa asilimia 125 ina hali mbaya zaidi: inabaki na kimo cha 614 tu. Soma eneo la kazi (skrini ukitoa upau) kutoka `rcWork` ya `GetMonitorInfo`, weka vitufe vya mwisho mahali pasiposogea, na yaliyomo juu yake yaweze kusogezwa.

Skrini iliyo kushoto kwa skrini kuu ina nafasi za hasi. Ikiwa na upana wa 1920, inaanzia −1920. Ukisoma nafasi ya kipanya kwa `LOWORD`, isiyotambua hasi, −10 inageuka 65526, na menyu inafunguka pasipoonekana. Tumia `GET_X_LPARAM`. Nafasi ya dirisha uliyoihifadhi jana nayo inaweza kuwa ya skrini iliyokwisha kuchomolewa. Iulize `MonitorFromRect` kwa `MONITOR_DEFAULTTONULL`. Ikirudisha utupu, lirudishe dirisha kwenye skrini kuu.

Unapojaribu, usiridhike na asilimia 200, kwa kuwa huficha makosa yote ya desimali. Weka skrini moja kwa 100 na nyingine kwa 125 au 175, buruta dirisha polepole kupita mpakani, badilisha kiwango programu ikiwa wazi, kisha ingia kwa kompyuta ya mbali. Ongeza pia ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya ufikiaji, ambao ni jambo tofauti na ukuzaji na hufika asilimia 225. Mwishowe fungua Kidhibiti Kazi, kwenye kichupo cha maelezo, na uongeze safu ya kiwango cha kujua ukuzaji. Ikiwa programu yako inaonyeshwa kwa ngazi tofauti na uliyoitangaza, angalia kwanza sifa za faili lake, sehemu ya upatanifu: huenda mtumiaji aliwahi kuulazimisha mfumo uikuze programu hiyo, na chaguo hilo hushinda manifesti yako.