Wazee wa China na virutubisho: kwanza tuulize upungufu uko wapi

Mwaka mpya wa Kichina ukikaribia, maduka ya mijini nchini China hupanga mbele maboksi mekundu na ya rangi ya dhahabu: vidonge vya kalsiamu, mafuta ya samaki, unga wa protini, ginseng, unga wa uyoga wa lingzhi, majongoo bahari waliokaushwa. Kijana aliyehamia mji wa mbali kikazi haendi kwa wazazi mikono mitupu, na boksi la virutubisho ni zawadi isiyomtia aibu. Kwa miaka mingi runinga za huko zilirusha tangazo la kinywaji chenye melatonini (homoni ya usingizi), Naobaijin, ambamo babu na bibi wa katuni walicheza huku wakisema mwaka huu hawapokei zawadi nyingine yoyote ila hiyo. Watu walilalamika kwamba tangazo linaudhi, na kinywaji kikaendelea kununuliwa.

Sensa ya 2020 ilihesabu Wachina milioni 264 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kufikia mwisho wa 2024 walikuwa wamepita milioni 310. Si wote wanaomeza vidonge hivi, na hapo ndipo penye jambo la kutazama: wanaovitumia zaidi ni wakazi wa mijini, wenye elimu na kipato. Mkulima mzee wa kijijini, ambaye sahani yake ndiyo yenye pengo, mara nyingi havimfikii.

Kwa nini hilo lina uzito? Jibu zuri kabisa liko China kwenyewe, katika wilaya ya Linxian, mkoa wa Henan. Eneo hilo lilikuwa miongoni mwa yenye saratani nyingi za umio (njia ya chakula) na sehemu ya juu ya tumbo duniani, na lishe ya wakazi ilikuwa duni kwa miaka mingi: nafaka kwa wingi, matunda na nyama kwa nadra. Kuanzia 1986 hadi 1991, watafiti wa China na Marekani waliwagawia vidonge karibu watu 30,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Waliopata mchanganyiko wa beta-karotini (ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A), vitamini E na madini ya seleniamu walikufa kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 9 kuliko wasioupata, na vifo vya saratani vilipungua kwa asilimia 13. Matokeo yalichapishwa 1993, na wauzaji wa virutubisho hawajaacha kuyataja hadi leo.

Wasichokitaja ni kilichofuata. Mwaka 1994 yakaja matokeo ya Finland, ambako wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, watu wenye chakula cha kutosha, walipewa beta-karotini ileile. Saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18. Na watu wa Linxian walipofuatiliwa kwa miaka mingine kumi baada ya vidonge kusitishwa, faida ilibaki zaidi kwa walioanza wakiwa na umri chini ya miaka 55. Kwa waliokuwa na miaka 55 na kuendelea, vifo vya saratani ya umio vilikuwa vimeongezeka.

Kwa hiyo mzee anapouliza kama kidonge fulani "kinafaa", sisi wa lishe hatuwezi kumjibu kabla ya kujua anakula nini, ana umri gani na anaumwa nini. Kirutubisho huziba upungufu. Pasipo na upungufu hugeuka kuwa kemikali ya ziada, na mwili lazima uishughulikie.

Tuchukue kalsiamu, ambayo kila mtu anaijua. Upungufu wa kalsiamu kwa Wachina ni wa kweli. Maziwa hayakuwa sehemu ya mlo wa asili katika sehemu kubwa ya nchi, watu wazima wengi wakiyanywa tumbo linavuruga, na wastani wa kalsiamu anayoipata mtu kwa siku uko chini ya nusu ya miligramu 800 zinazopendekezwa. Mtu angetarajia kidonge kimalize kazi. Lakini madaktari wa mifupa wa Tianjin walipokusanya tafiti 33 zilizohusisha zaidi ya watu 51,000 wa umri wa miaka zaidi ya 50 wanaoishi majumbani mwao, wakachapisha mwaka 2017, hawakuona kwamba kalsiamu au vitamini D ya vidonge inapunguza kuvunjika kwa mifupa. Mfupa wa mzee huvunjika akianguka, na kuanguka kunatokana na misuli iliyolegea, macho, dawa za usingizi, sakafu ya bafuni inayoteleza. Mwongozo wa lishe wa China wa 2022 unahimiza maziwa au vyakula vya maziwa gramu 300 hadi 500 kwa siku. Mtindi huvumilika hata kwa wengi wasiopatana na maziwa, na tofu iliyogandishwa kwa chumvi ya kalsiamu huchangia kiasi kizuri.

Wapo wazee ambao kidonge kinawahusu hasa. Anayetumia metformini kwa kisukari kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na kipimo cha damu kitaonyesha. Mzee wa kaskazini asiyetoka nje majira yote ya baridi anaweza kukosa vitamini D. Hao wapewe, tena kwa dozi inayojulikana.

Hatari iliyo karibu zaidi ni kuchanganya na dawa. Mchele mwekundu uliochachushwa, unaouzwa kama kitu cha asili cha kusafisha mishipa, una monakolini K, ambayo ndiyo lovastatini yenyewe, dawa ya hospitali ya kushusha kolesteroli. Anayeumeza pamoja na dawa yake ya kushusha kolesteroli anajiongezea dozi bila kujua, na misuli au ini ndivyo vitakavyolipa. Mzizi wa danshen huongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, mgonjwa akavuja damu. Ginseng inaweza kuipunguza nguvu, damu ikaganda. Mzizi wa heshouwu, unaosifiwa kwa kurudisha weusi wa nywele, umeumiza maini ya watu wengi. Hata kalsiamu tupu, ikimezwa pamoja na levothyroxine, dawa ya tezi ya shingo, huizuia isifyonzwe. Ziachanishwe kwa saa nne. Mzee akiulizwa hospitali anatumia dawa gani, havitaji hivi vyote. Kwake si dawa.

Tena kuna ejiao, gundi inayochemshwa kutoka ngozi ya punda na kuuzwa kama ya kuongeza damu. Kilishe ni kolajeni, protini isiyokamilika, na mzee mwenye upungufu wa damu anahitaji kwanza kujua damu inapotelea wapi. Punda wa China walipopungua, wanunuzi walikuja Afrika. Machinjio yalifunguliwa Kenya na Tanzania, wizi wa punda ukafuata, hadi Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipokubali kusitisha biashara ya ngozi hizo.

Uuzaji wenyewe una mbinu zake. Mzee anaalikwa ukumbini asubuhi, anapewa mayai ya bure. Kesho anapewa tena. Kijana mchangamfu anampima presha, anamwita "mama", anambebea mfuko hadi mlangoni. Baada ya siku kadhaa anapanda jukwaani mtu mwenye koti jeupe, na pensheni inaanza kutoka. Watoto wakigundua maboksi chini ya kitanda hufoka, na mzee huanza kuficha. Kufoka hakusaidii, maana yule kijana ndiye aliyekuwa akibisha hodi kila siku. Desemba 2018 Quanjian ya Tianjin, kampuni ya kuuza bidhaa za afya, ilifichuliwa. Mwanzilishi wake, Shu Yuhui, alihukumiwa miaka tisa jela Januari 2020 kwa kuendesha biashara ya upatu.

Tangu Januari 2020 pia, boksi la kirutubisho nchini China lazima liandikwe kwamba hii si dawa na haichukui nafasi ya dawa, na onyo hilo lichukue angalau asilimia 20 ya uso wa mbele. Bidhaa iliyoidhinishwa ina alama ya kofia ya buluu, na chini yake namba ya usajili inayoweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya mamlaka ya usimamizi wa soko. Ndugu wafanyabiashara mnaowaletea wazazi zawadi kutoka Guangzhou, itafuteni kofia hiyo kabla ya kulipa. Kisha pigeni picha orodha ya viambato, itafsiriwe, na mfamasia aisome akiwa na kadi ya dawa za mzee mkononi kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa.