Kabla ya kuandika ripoti, jibu swali la wanawake wa Wajir

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Wajir, kikundi kidogo cha wanawake wa Kisomali kutoka koo zilizokuwa zikiuana kiliweka sharti moja kwa kila aliyetaka kujiunga nacho. Aliulizwa: siku watu wa ukoo wangu wakimuua ndugu yako, utakubali bado kufanya kazi ya amani pamoja nami? Asiyeweza kusema ndiyo aliombwa asijiunge.

Mimi ni mwezeshaji wa mafunzo ya amani na haki za binadamu, kazi yangu zaidi iko Pwani na Kaskazini Mashariki mwa Kenya, na hakuna warsha ninayoifunga kabla sijawauliza washiriki swali hilo. Miongozo ya mafunzo siku hizi haikosi sura juu ya mabadiliko ya nafsi. Mingi inahusu utulivu: kupumua taratibu, kusamehe, kuyaachilia ya jana. Sina ugomvi nayo. Ila mtu anaweza kutulia kama maji ya mtungini na bado akamfichia binamu yake bunduki. Ninachotaka kujua kwa mtetezi wa haki ni kitu kingine: ameshaamua nini, mapema na mbele ya watu, kuhusu siku ambayo mkosaji atakuwa wa kwao?

Wajir wakati ule ilikuwa imebeba mengi. Hali ya hatari iliyotangazwa Kaskazini Mashariki mwishoni mwa 1963 ilikuja kuondolewa 1991. Mwaka huohuo serikali ya Somalia ilianguka ng'ambo ya mpaka, silaha zikawa rahisi kupatikana, na ukame ukateketeza mifugo. Uchaguzi wa 1992 ukaongeza chumvi kwenye kidonda, maana viti vya bunge vilihesabiwa kwa koo. Mapigano kati ya koo za Ajuran, Degodia na Ogaden yaliua watu zaidi ya 1,000 mpaka yalipotulizwa.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964. Alipenda kusimulia usiku mmoja wa risasi alipojificha mvunguni mwa kitanda na mwanawe mdogo. Kulipokucha mama yake alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe, Dekha, alifichwa vivyo hivyo utotoni, miaka ya vita vya Shifta, uasi wa miaka ya sitini wa waliotaka Kaskazini Mashariki ijiunge na Somalia. Vizazi viwili chini ya vitanda katika mji uleule. Miaka ya baadaye alipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, mwaka 2007, akafundisha usuluhishi katika nchi nyingi, na akafariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani. Ukitaka kujua jinsi mtu anavyogeuka, hata hivyo, tazama walichokifanya sokoni kabla dunia haijawajua.

Kwa mfugaji wa Wajir soko ndiyo maisha. Maziwa yasipouzwa asubuhi, mchana hakuna unga. Vita vilipopamba moto, wanawake wa ukoo mmoja walikataa kuuza au kununua kwa wanawake wa ukoo mwingine, na wengine walifukuzwa kabisa. Kikundi kikaamua soko liwe mahali salama kwa kila mwanamke. Waliweka wasimamizi, na kila ugomvi uliozuka uliletwa kwao ukaamuliwa mara moja. Sasa fikiria msimamizi ambaye aliyemtukana muuza maziwa ni shangazi yake. Hapo ndipo swali la kujiunga linapodai jibu, tena mbele ya umati wa wanawake wanaomjua mpaka nyanya yake. Akimkemea shangazi, wa upande wa pili watarudi kesho na maziwa yao. Akinyamaza, soko limekwisha.

Kutoka sokoni waliwaendea wazee. Hilo nalo lilihitaji akili, kwa kuwa katika mila zao vikao vya damu ni vya wanaume. Walimtafuta mzee wa ukoo mdogo, ambao hakuna aliyeuogopa, awe msemaji wa kuwakutanisha wakubwa. Mwaka 1993 wazee walitia saini Azimio la Al Fatah, mapatano ya amani kati ya koo. Vijana wakavutwa, masheikh, wafanyabiashara, kisha maafisa wa serikali, na mwaka 1995 kamati ya amani na maendeleo ya Wajir ikatambuliwa rasmi chini ya Mkuu wa Wilaya. Kamati za amani unazoziona leo katika kaunti za Kenya zina asili yake hapo. Kulipotokea wizi wa mifugo au mauaji, watu wa koo mbalimbali pamoja na afisa wa usalama waliingia gari moja wakaenda eneo la tukio kabla kisasi hakijapangwa.

Kwa watu wa haki za binadamu nalileta jambo hili karibu zaidi. Nikikabidhiwa daftari la matukio la mfuatiliaji wa haki, natazama kwanza waathiriwa ni akina nani na watuhumiwa ni akina nani. Kata ikiwa na watu mchanganyiko na daftari likaonyesha waathiriwa wote ni wa kabila au dini ya mwandishi, nafahamu kwamba ninachosoma ni mashtaka ya upande mmoja. Si lazima awe amedanganya. Pengine waathiriwa wa upande wa pili hawakumjia, kwa sababu jina lake la ukoo liliwatosha. Matokeo ni yaleyale: mahakamani wakili atalikamata daftari hilo kwa dakika chache, na mjini halitamlinda mtu yeyote.

Kwenye warsha natumia karatasi yenye safu tatu: tukio, nani atanipigia simu kwanza, nitafanya nini. Tukio nalitoa mimi, na mkosaji sikuzote ni wa nyumbani kwa mshiriki. Kijana mmoja wa kamati ya amani ya mtaa, mjini Mombasa, aliandika "nitaita polisi". Akaitazama kalamu kidogo, akaikata ile sentensi kwa mistari miwili, chini yake akaandika: "nitampigia mjomba". Niliifurahia ile mistari miwili kuliko hotuba zote za siku ile. Tukaijadili simu ya mjomba: atasema nini, ataagiza nini kifichwe, nani atasafirishwa bara usiku huohuo. Kila mtu chumbani alikuwa na mjomba wa namna hiyo. Mwisho walikubaliana wenyewe kwamba mjomba apigiwe, kwa kuwa kumkwepa ni ndoto, lakini dakika hiyohiyo apigiwe pia mwanakamati wa upande wa pili, na kila mmoja aambiwe kwamba mwenzake amepigiwa. Nafsi imeguswa hapo, naam, lakini imefungiwa pia utaratibu wa kuishikilia siku itakapotaka kuteleza.

Washiriki wakiwa Waislamu, mara nyingi tunafungua Suratun-Nisaa aya ya 135, inayoamrisha kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zenu, wazazi na jamaa. Sheikh mmoja aliwahi kuniambia kwamba aya hiyo husomwa sana mimbarini na kutekelezwa kidogo nyumbani. Wakristo nao wana ya kwao, ile ya kutoa kwanza boriti katika jicho lako. Sioni haja ya kuleta nadharia kutoka mbali wakati watu wamekuja na misahafu na Biblia mifukoni.

Kugeuka huku huchukua muda mrefu kuliko wafadhili wanavyoweza kusubiri. Mfano ninaoupenda unatoka Kaduna, Nigeria. Imam Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye walikuwa viongozi wa vijana wenye silaha, kila mmoja upande wake, katika ghasia za 1992. Ashafa alipoteza binamu wawili na mwalimu wake wa dini. Wuye alipoteza mkono wa kulia. Walikutanishwa mwaka 1995, wakaanza kufanya kazi pamoja, na Wuye amekiri hadharani kwamba miaka ya mwanzo, walipolazwa chumba kimoja safarini, alitamani kumziba mwenzake pumzi kwa mto. Yaani tayari walikuwa "wanafanya amani" pamoja! Baada ya ghasia za uchaguzi wetu, watu hawa wawili walikuja hadi Burnt Forest, Bonde la Ufa, kuwasuluhisha majirani waliochomeana nyumba. Wengi wetu tungesubiri moyo usafike kwanza ndipo tuanze kazi, na tungesubiri mpaka leo.

Ghasia hizo, za mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, ziliua watu zaidi ya 1,100. Dekha alikuwa miongoni mwa waliokutana Nairobi siku za mwanzo kabisa, pamoja na balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande, na George Wachira, wakaanzisha jukwaa la raia la kutafuta amani. Watu walituma habari kwa ujumbe mfupi wa simu kutoka mitaani: wapi vijana wanajikusanya, wapi barabara imefungwa. Ujumbe wa namna hiyo una maana pale tu anayeutuma yuko tayari kuwataja vijana wa kwao.

Kuna hatari moja ambayo sipendi kuipita haraka. Maneno ya kugeuza nafsi hupendwa sana na wenye mamlaka, kwa sababu hayagharimu kitu. Mama ambaye mwanawe amechukuliwa usiku na watu wasiojulikana huitwa kwenye kongamano, akapewa maji na kalamu, akafundishwa kusamehe. Nimekaa katika kumbi kama hizo na nimeona haya. Msamaha ni mali ya huyo mama, autoe akitaka au aushike. Anachostahili kutoka kwetu ni faili lililofunguliwa, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi kilichokaguliwa, na wakili.

Wajir yenyewe inatufunza hili kwa machungu. Februari 1984, miaka michache kabla ya wanawake wale kuanza, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawavua nguo, wakawaacha juani bila maji kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia idadi ya 57. Walionusurika wanataja mamia, na wengine wanavuka elfu. Mwanamke Mtaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini hapo, Annalena Tonelli, alisaidia kuokota maiti na majeruhi na kuyatoa mauaji yale gizani, na mwaka 1985 alifukuzwa nchini. Aliuawa Borama, Somalia, mwaka 2003.

Weka mambo haya mawili kando kwa kando. Chini ya miaka kumi baada ya Wagalla, wanawake wa Wajir waliwakaribisha maafisa wa serikali ileile katika kazi yao ya amani, kwa sababu bila wao isingewezekana. Walihitaji kubadilika ndani ili waweze kumpa afisa chai bila kumwona kila mara kama mmoja wa wale wa uwanja wa ndege. Lakini Wagalla haikufutwa kwa chai hiyo. Madai yaliendelea, tume ya ukweli, haki na maridhiano ikasikiliza ushahidi, na ripoti yake ya 2013 ikaweka lawama kwa dola. Walioshika kazi ya kwanza na walioshika ya pili walihitajiana, na nadhani wanaozitenganisha, wa amani huku na wa haki kule kila mmoja na bajeti yake, hawajawahi kuketi na wenye misiba.

Zipo pia sehemu ambapo amani yenyewe iliacha haki nje. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, ambalo wazee wa Kaskazini walilitumia kuzuia visasi, liliweka fidia ya mifugo 100 kwa mwanaume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Wanawake walilifungua lile jukwaa la amani, halafu hesabu ikaja kuwakata nusu. Nikilitaja darasani wazee hunijibu kwamba ndiyo mila, na kwamba bila fidia damu ingemwagika zaidi. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Bado narudi kwenye sharti lile la kujiunga: kama uliapa kusimama dhidi ya ukoo wako ukikosea, basi mila ya ukoo imo ndani ya kiapo.

Tangu 2013 kumekuja jambo jipya. Ugatuzi umeleta fedha kwenye kaunti, na pamoja nazo ushindani wa koo juu ya gavana, kata, kandarasi na basari. Mwaka 2014 koo za Garre na Degodia zilipigana mpakani mwa Mandera na Wajir, watu wengi wakauawa na maelfu wakahama, katika eneo ambalo wazazi wao walijulikana duniani kwa usuluhishi. Sikushangaa sana. Vijana walioshika bunduki mwaka ule wengi hawakuwa wamezaliwa wakati swali linaulizwa, na hakuna aliyewauliza upya.

Kwa hiyo karatasi yangu ya safu tatu nimeibadilisha tukio lake. Kwa maafisa wa kaunti naandika: kandarasi ya kisima imepewa kampuni ya shemeji yako, kisima kimechimbwa nusu, na wafugaji wa ukoo wa pili wameanza kuhamisha ngamia kuelekea kisima chenu. Nani atakupigia simu kwanza?