Hela zako hazijakatwa, zimewekwa

Juzi saa nne usiku alifika mgeni mapokezi akiwa ametanguliza simu, kioo kimenielekea mimi kabla hata ya salamu. "Kaka, mmenikata mara mbili." Ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki moja. Nimechoka kueleza tofauti ya hela ya kadi iliyokatwa na hela iliyowekwa kando kwa dakika mbili mbili juu ya kaunta, kwa hiyo leo naliandika lote.

Nafanya zamu ya usiku kwenye hoteli ya nyota tano hapa Berlin, upande wa Kurfürstendamm. Zamu hii ndiyo inayofunga hesabu za siku: kila chumba kinaandikiwa bei yake, kodi ya jiji, minibaa (lile friji dogo la vinywaji chumbani) na chakula kilichopelekwa juu, halafu ndipo tarehe ya mfumo inasogezwa mbele. Mwezi wa Machi, wakati wa maonyesho ya utalii ya ITB, tunapokea watu wengi wa kampuni za safari kutoka Arusha na Nairobi. Wengi wanakuja peke yao, na wengi wana kadi moja tu mfukoni. Hao ndio ninaowaandikia.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kwetu tuna "kukata" tu. Benki imekata, simu imekata, hoteli imekata. Hela ikipungua kwenye salio, imekatwa, basi. Lakini mgeni anapofika na mimi nikaichomeka kadi yake kwenye mashine, ninachofanya ni kuiuliza benki yake: huyu ana euro 1,200? Benki ikijibu ndiyo, inaziweka kando hizo 1,200 na kunirudishia namba ya idhini yenye tarakimu au herufi sita. Hoteli haijapokea hata senti. Hela iko kwenye akaunti yako, kwenye benki yako, ila huwezi kuigusa. Huko kuwekwa kando ndiko tunakoita zuio.

Kariakoo ukimwambia mwenye duka "niwekee doti hii, narudi jioni," khanga inatolewa kwenye rafu na kufichwa chini ya meza. Hakuna mwingine atakayeinunua, lakini haijatoka dukani na wewe hujalipa. Zuio la kadi ni hivyo hivyo, ila safari hii anayewekewa ni hoteli na mwenye duka ni benki yako.

Sasa SMS. Benki nyingi za kwetu hutuma ujumbe uleule kwa zuio na kwa malipo: umefanya muamala wa kiasi fulani, salio lako ni kiasi fulani. Mgeni anausoma, anaona muamala, anaona salio limeshuka, ana haki ya kuamini amelipa. Simlaumu hata kidogo. Ninachomwomba ni kitu kimoja: asome karatasi niliyompa, aache SMS. Mashine za hapa Ujerumani huchapa kikaratasi chenye neno "Kundenbeleg" juu, yaani nakala ya mteja, na chini yake aina ya muamala. Ikiandikwa "Reservierung", ni zuio. Ikiandikwa "Zahlung" au "Kauf", umelipa. Neno hilo moja linamaliza ubishi wote, na wageni tisa kati ya kumi wanakiacha kikaratasi hicho juu ya kaunta.

Kwa nini 1,200 wakati chumba ni 280 kwa usiku? Siku tatu ni 840. Juu yake kuna kodi ya jiji, ambayo Berlin ni asilimia 7.5 tangu Januari 2025. Zamani ilikuwa 5. Halafu hoteli inaongeza kiasi cha matumizi ya ndani, kwetu takriban euro 100 kwa usiku, kwa ajili ya minibaa, mgahawa na dobi. (Kodi hii inamuumiza msafiri wa peke yake kimyakimya. Berlin inahesabiwa kwa bei ya chumba, kwa hiyo mmoja analipa sawa na wawili. Roma inatozwa kwa kichwa, euro 10 kwa usiku kwenye hoteli za nyota tano, na huko mtu mmoja analipa nusu ya wanachotoa wenzake wawili.)

Na "nimeshalipa mtandaoni" haliondoi zuio. Umelipa chumba. Minibaa hujailipa.

Sasa nikiri pale ambapo kosa huwa ni letu. Mwaka jana alishuka mama mmoja wa Tanga, wa makamo, begi liko mlangoni na teksi inangoja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie, benki inasema sina hela." Nikafungua bili yake. Chumba, kodi na chupa mbili za maji ya minibaa: euro 915. Zuio lilikuwa 1,200. Lililotakiwa kufanyika ni kulimalizia zuio lilelile: mwenzangu aliyepokea malipo yake aingize ile namba ya idhini, atoe 915 ndani ya 1,200, na 285 zirudi kwenye matumizi. Yeye alikuwa na foleni ya watu sita, akabonyeza malipo mapya. Mashine ikachukua 915 nyingine pembeni, na zuio la 1,200 likabaki palepale limekaa. Mama wa watu ana euro 2,115 zisizoguswa kwa bili ya 915, na bado ana siku mbili za kukaa Hamburg.

Hapo mtu akisema "mmenikata mara mbili," kwa sheria ya hesabu amekosea, maana hoteli imepokea mara moja tu. Kwa tumbo lake na nauli yake, amesema kweli tupu. Nililifuta zuio mbele yake, nikampa karatasi ya kufuta na barua yenye namba ya idhini, tarehe na kiasi, ili benki yake isiwe na sababu ya kusubiri. Barua hiyo hoteli yoyote nzuri inaweza kuiandika kwa dakika tano. Omba. Usione haya.

Vitabu vya mafunzo ya hoteli vinatufundisha kumwambia mgeni, "Itarudi baada ya siku saba hadi kumi za kazi." Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi mno na siiamini tena. Mimi nikifuta zuio, ujumbe unafika benki yako. Benki yako inaulinganisha na namba ya idhini, na ikipenda inaachia siku hiyohiyo. Benki nyingine haziushughulikii kabisa, zinasubiri zuio lifike mwisho wake lenyewe, na kwa hoteli mwisho huo unaweza kuwa siku 30. Nimeona kadi mbili za benki moja, wageni wawili wa siku moja, mmoja karudishiwa kesho yake na mwingine baada ya wiki tatu. Kwa hiyo siku hizi sitoi idadi ya siku. Natoa namba ya idhini.

Kuna pia zuio la pili, linalokuja saa tisa usiku na kuwaamsha watu kwa SMS. Hilo ni la kwangu. Ninapofunga hesabu natazama orodha ya vyumba ambavyo matumizi yamepita kiasi kilichozuiwa. Ukiwa umekula mgahawani mara mbili na kuongeza usiku mmoja, naomba zuio la nyongeza. Ningeweza kungoja asubuhi, lakini ikifika asubuhi baadhi ya wageni wameshaondoka. Sijapata njia nzuri ya kulifanya jambo hili bila kumshtua mtu aliyelala peke yake katika nchi ya watu.

Shilingi zinazidisha mkanganyiko. Zuio linabadilishwa kwa kiwango cha siku ile, malipo yanabadilishwa kwa kiwango cha siku benki inapoyapokea, kwa hiyo tarakimu mbili hazitalingana hata kama euro ni zilezile. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa sarafu ya kadi yako, chagua euro. Ile nyingine inabeba ada ndani ya kiwango.

Kuhusu kadi yenyewe. Kadi ya mkopo ikizuiwa, kinachopungua ni kikomo cha kukopa, hela yako ya kula iko salama. Kadi ya kawaida ya benki ikizuiwa, ni mshahara wako umeshikwa. Wenzetu wa hapa wanasahau tofauti hii kwa sababu wageni wao wengi wana kadi ya mkopo, na mimi nimebishana na mameneja wawili juu yake. Halafu kuna kadi za kwenye simu, kama ile ya M-Pesa GlobalPay iliyoanza Kenya mwaka 2022. Kwa kulipia mtandaoni inafaa sana. Kaunta ya hoteli inataka plastiki ya kuchomeka, na mgeni aliyesafiri peke yake hana mwenzake wa kutoa yake. Ukiwa na kadi ya simu tu, iandikie hoteli kabla ya safari na uulize kama wanapokea amana ya fedha taslimu. Nyingine zinapokea, nyingine zinakataa katakata.

Kitu ambacho bado kinanisumbua ni zile euro 100 kwa usiku. Ziliwekwa kwa kufikiria watu wawili wanaoagiza mvinyo. Mgeni wangu wa peke yake kutoka Arusha anakunywa maji, anakula nje, anarudi kulala. Kumzuilia 300 kwa siku tatu ni kumzuilia hela ambayo karibu kila mara sitaidai. Hoteli inajibu kwamba sheria ikiwa ya baadhi itakuwa upendeleo, na mtu mmoja kati ya hamsini huondoka na bili ya mgahawa bila kulipa. Wana hoja. Hata hivyo ukiniomba kwa upole nipunguze matumizi ya ndani na kufunga minibaa, napunguza. Tunaruhusiwa, ila hakuna anayekwambia.

Siku ya kuondoka, kabla hujaitoa kadi, sema: "Naomba mmalizie lile zuio, msifanye malipo mapya." Chukua karatasi zote mbili, ya kuingia na ya kutoka. Na ukiniandikia kwamba umekatwa mara mbili, nitumie picha za karatasi hizo. Picha ya SMS sitaisoma.