Jana malaika, leo adui

CIM-11, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, umeacha majina mengi ya zamani ya matatizo ya haiba, yaani namna ya kudumu ya kuhisi na kuishi na watu inayomuumiza mtu. Sasa sisi tunaotibu akili tunapima kwanza ukali, kisha tunataja tabia zinazotawala: hisia hasi zisizotulia, kujitenga, kutojali wengine, kukurupuka, kutaka kila kitu kinyooke. Bodalaini, ile hali ya hisia na mahusiano yasiyotulia pamoja na hofu ya kuachwa, imebaki kama nyongeza. Naupenda mpangilio huo, ila hauniambii nifanye nini mtu akishaketi mbele yangu.

Chukua msichana wa Kadutu, hapa Bukavu, Kongo, mfano niliounganisha kutoka kwa watu wengi. Wiki hii ananiambia, “Mama, wewe tu njo unanisikiaka.” Wiki inayofuata mvua imekata barabara, naahirisha kikao. Akirudi: “Na wewe uko sawa na wao wote.” Kwenye faili tunaandika “mahusiano yasiyotulia”. Melanie Klein, mchambuzi wa nafsi, mwaka 1946, alieleza kinachotendeka ndani: akili inampasua mtu kuwa mwema kabisa na mbaya kabisa, ili ule wema usichafuliwe. Baadaye mchambuzi mwingine, Otto Kernberg, aliuona mpasuko huo kuwa kiini cha bodalaini. Nyumbani wanasema ana kiburi; kwenye chumba cha maombi, ana mapepo. Mimi naona hofu ya kuachwa.

Hofu hiyo inazima uwezo wa kufikiria kilicho moyoni mwa mwenzako. Peter Fonagy na Anthony Bateman, kule London, walijenga tiba nzima juu ya uwezo huo. Kwa hiyo simbishii, wala simfafanulii utoto wake saa hiyo hasira ikiwa juu. Namuuliza: “Nilipoahirisha, uliwaza nini juu yangu? Ingeweza kuwa sababu gani nyingine?” Halafu nasubiri, hata dakika nzima. Katika utafiti wao wa mwaka 1999, wenye wagonjwa 38, waliopata tiba hiyo walipunguza kujiumiza na kulazwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hapa Bukavu kuna jambo jingine. Aliyekimbia vita mara kadhaa ana haki ya kutoamini watu, na CIM-11 hiyohiyo inatambua msongo changamano wa baada ya kiwewe, unaofanana sana na bodalaini. Nauliza yalianza lini, na kama alikuwa hivi kabla ya kukimbia. Ndiyo maana siandiki jina la ugonjwa kikao cha kwanza, hata familia ikidai karatasi.