Kwa nini bakteria wasio na usugu huota kando ya wenye usugu kwenye sahani ya ampisilini?

Ampisilini, dawa ya kuua bakteria iliyoanza kutumika hospitalini mwaka 1961, ina kazi ya pili maabarani, nayo ni kuchuja. Mtafiti huwaingizia bakteria wa E. coli plasmidi, yaani kiduara cha DNA chenye jeni la usugu, kisha huwapanda juu ya agari, yaani rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria, yenye dawa hiyo, mara nyingi mikrogramu 100 kwa mililita. Baada ya usiku mmoja kwenye nyuzijoto 37, walioipokea plasmidi huwa wameota.

Sahani ikisahauliwa kwenye joto hilo hadi siku ya pili, kila koloni nono, yaani kundi la bakteria waliozaliana mahali pamoja, huonekana limezungukwa na vijikoloni vidogo vilivyopauka. Wengi hudhani kwamba dawa imeharibika, lakini ingekuwa hivyo bakteria wangeota sahani nzima, si kwa duara. Wengine hudhani kwamba vijikoloni vimepewa plasmidi na jirani, au kwamba dawa yenyewe imewazoesha usugu. Dhana hizo hazidumu mbele ya jaribio jepesi: kijikoloni kikidonolewa kwa uangalifu na kupandwa peke yake kwenye sahani mpya yenye ampisilini, kwa kawaida hakioti. Hakina usugu wowote, na hakijawahi kuwa nao.

Siri iko kwenye pete ya atomu nne iliyomo katika molekuli ya ampisilini, ambayo imekazwa kama mtego uliotegwa. Mtego huo hunasa vimeng'enya vinavyounganisha ukuta wa bakteria, na kwa kuwa ukuta hujengwa wakati wa kukua tu, humnasa anayetembea na kumwacha aliyelala. Jeni la usugu hutengeneza beta-laktamasi, kimeng'enya kinachopita kikifyatua mitego bila chenyewe kunaswa, na molekuli yake moja yaweza kufyatua takriban elfu moja kwa sekunde. Kimeng'enya hicho hukaa nje ya utando wa ndani wa seli, na sehemu yake huvuja hadi kwenye agari, hasa seli zinapopasuka. Njia ikishasafishwa kuzunguka koloni, waliokuwa wamelala huamka na kutembea salama. Ukubwa wa eneo linalosafishwa hutegemea aina ya bakteria, kiasi cha dawa na muda, kwa hiyo si kila sahani itaonyesha duara la kupendeza.

Ndiyo maana wenye uzoefu huitoa sahani baada ya saa 16 hadi 18, au hutumia kabenisilini, ndugu wa ampisilini asiyevunjwa upesi hivyo. Kwenye kanamaisini, dawa nyingine ya kuua bakteria, vijikoloni hivyo ni nadra, kwa sababu kimeng'enya kinachoizima hubaki ndani kabisa ya seli, kinakopata ATP, molekuli ya nishati ya seli, ya kufanyia kazi, na jirani hafaidi chochote.