Kwapa linawasha mpaka huna raha? Maswali na majibu

Makwapa yananiwasha sana na nikijikuna ndo yanazidi. Shida inatoka wapi?

Mara nyingi inatoka kwenye kile unachopaka mwenyewe. Kwapa limefunikwa muda wote, lina joto, jasho halina pa kwenda, ngozi inasuguana na ngozi, halafu juu yake tunaweka deodoranti na pafyumu na wembe na sabuni kali, sasa hiyo ngozi itapumzika saa ngapi? Ndo maana kabla ya kukimbilia dawa jiulize wiki hii umepaka nini na umenyoa lini.

Lakini deodoranti hii nimeitumia miaka mingi, iweje leo?

Inawezekana kabisa, na hapa wengi ndo wanapopotea. Mwili unaweza kuvumilia kitu miaka na miaka halafu siku moja ukakikataa, na ukishakikataa kila kikigusa ngozi unawashwa. Mara nyingi mkorofi ni manukato yaliyomo ndani. Na muwasho wa aleji hii kwa kawaida hauji palepale, unachukua siku moja mpaka tatu, kwa hiyo unalaumu sabuni ya leo kumbe kosa ni la juzi.

Fanya hivi: simama mbele ya kioo penye mwanga, inua mkono juu, angalia vizuri. Vipele vikiwa vimejaa katikati, pale ndani kabisa penye nywele, shuku deodoranti. Katikati pakiwa pasafi ila vimezunguka pembeni nguo inapobana, basi shuku nguo, rangi yake au sabuni uliyofulia. Na kama ngozi yako ni nyeusi usisubiri kuona wekundu, wewe utaona pamekuwa peusi zaidi au rangi ya zambarau, pengine na vipele unavyovisikia kwa kidole kabla hujaviona.

Nikinyoa tu, kesho yake vipele. Niache kunyoa?

Si lazima. Nywele za kwapa hazioti upande mmoja, ndo maana ukivuta wembe juu chini mara tano zinakatika chini sana na nyingine zinaotea ndani ya ngozi. Tumia wembe mpya, nyoa baada ya kuoga nywele zikiwa laini, fuata zinakoelekea, na nyoa usiku ili deodoranti isubiri kesho. Ukiona bado unaumia, punguza kwa mkasi tu, inatosha.

Nitajuaje kama ni fangasi?

Fangasi anapenda ubichi. Ngozi ya kwenye mkunjo inakuwa imelowa na kuchubuka, vipele vidogo vimetapakaa pembeni, au unaona duara lenye ukingo ulioinuka na magamba. Wenye kisukari tatizo hili linawapata zaidi. Krimu ya klotrimazoli asilimia 1, mara 2 kwa siku, wiki 2 mpaka 4, na usiache siku muwasho unapokata maana fangasi bado yupo.

Ila naomba sana, zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali (dawa za kutuliza muwasho na uvimbe) kama betamethasoni au klobetasoli msijipakie wenyewe. Zinadanganya jamani! Siku 2 muwasho kwisha, unafurahi, kumbe fangasi anaendelea kutambaa na ngozi ya kwapa ambayo ni laini inanyonya ile dawa, inakuwa nyembamba, inachanika michirizi ambayo haifutiki tena.

Ndimu au bekingi soda je?

Hapana. Ngozi yetu ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi) iko kwenye 5 hivi, bekingi soda iko juu ya 8, inaharibu ule ulinzi wa ngozi. Ndimu inachoma kwenye michubuko, na ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa jua inaweza kubabuka.

Basi leo nianze na nini?

Anza kwa kuacha. Wiki 2 hakuna deodoranti, hakuna pafyumu, hakuna wembe, najua ni ngumu lakini vumilia. Osha kwa sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kubonyezabonyeza taulo bila kusugua, vaa nguo ya pamba isiyobana. Ukiwashwa sana weka kitambaa chenye maji baridi dakika 10. Krimu ya haidrokotisoni asilimia 1, ambayo ni steroidi isiyo kali, inasaidia kama si fangasi, siku chache tu isizidi wiki. Ukipona na unataka deodoranti mpya, ipake kwanza ndani ya kiwiko mara 2 kwa siku kwa siku 7, pakitulia ndo uipeleke kwapani.

Daktari nimwone lini?

Ukiona usaha, homa, maumivu yanayosambaa, au uvimbe uliokaa zaidi ya wiki 2. Kama unawashwa zaidi usiku, na katikati ya vidole pia, na mnaoishi nyumba moja mnajikuna wote, huo huenda ni upele wa kuambukiza (skabi) na mnatibiwa wote siku moja. Weusi mzito kama mahameli kwapani na shingoni, kapime sukari. Na majipu yanayorudirudi kwapani au kinenani mpaka yanaacha makovu ni ugonjwa unaoitwa hidradenitisi, hauletwi na uchafu wala hauambukizi, wengi wanauficha miaka kwa aibu wakati ukiwahiwa mapema dawa zinauzuia kabla haujachimba njia chini ya ngozi.