Jeraha la Meno Halipimwi kwa Ukubwa Wake

Kauli ninayoisikia mara nyingi zaidi katika chumba cha majeruhi hapa Kisumu, mtu anapoeleza kwa nini amekuja siku kadhaa baada ya kung'atwa na mnyama au binadamu mwenzake, ni kwamba kidonda kilikuwa kidogo. Kama tabibu ninayewahudumia watu wa mjini na wa vijiji vya kuelekea Ahero na Siaya, nimefikia mahali ambapo kauli hiyo hunitia wasiwasi kuliko damu. Aliyechanika paja na mbwa huletwa mbio kwa bodaboda, majirani wakimsindikiza, ilhali aliyepata tundu mbili nyembamba kwenye kidole hufunga kitambaa na kurudi shambani. Ukubwa wa kidonda hueleza tu nguvu ya taya. Hatari yenyewe hutokana na kile kilichoachwa ndani, yaani mate, sumu au bakteria, na kwa hiyo maswali yangu ya kwanza huwa ni aliyeuma ni nani, ameuma sehemu gani ya mwili, saa ngapi, na je, kidonda kimeoshwa?

Nianze na mbwa, kwa kuwa ndiye anayetuletea ugonjwa usiosamehe kuchelewa. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikishaingia penye jeraha, huingia katika mishipa ya fahamu na kupanda taratibu hadi kwenye ubongo, safari ambayo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa ya wiki moja au hata mwaka mzima. Jeraha la usoni, shingoni au kwenye vidole hufupisha safari hiyo, na ndiyo sababu mtoto aliyeumwa shavuni, ambaye kimo chake kinamweka sawa na mdomo wa mbwa, hapaswi kusubiri hata usiku mmoja. Dalili zikishaanza, mgonjwa akashtuka kwa kuona maji au kwa kupulizwa na upepo, koo likakaza na akili ikavurugika, hakuna tiba tunayoweza kuitegemea, na karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa hivyo kila mwaka duniani, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15.

Huu si ugonjwa mgeni kwetu. Nchini Kenya uligunduliwa kwa mbwa kando ya Nairobi mwaka 1912, na mgonjwa wa kwanza binadamu aliyerekodiwa, mwaka 1928, alitoka eneo la Ziwa Victoria. Mkakati wa taifa wa kuutokomeza ulioanza mwaka 2014, ambao lengo lake ni kufikia mwaka 2030 bila kifo cha binadamu kitokanacho na mbwa, uliziweka Kisumu na Siaya miongoni mwa kaunti za kuanzia, pamoja na Makueni, Machakos na Kitui. Msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, kiwango ambacho huufanya ugonjwa ukose pa kuendelea. Ukiwaona watoto wamejipanga uwanjani na mbwa wao wamefungwa kamba za katani, ujue kwamba hapo ndipo maisha ya watu yanapookolewa kwa gharama ndogo kuliko mahali pengine popote.

Lakini mtu ameshaumwa, afanye nini? Aoshe. Aoshe mara moja, kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 zinazohesabiwa kwa saa, si kwa kukisia. Sabuni ya kipande ya kufulia na mtungi wa maji vinatosha. Virusi hivi vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuyeyusha utando huo, kwa hiyo kuosha ni tiba yenyewe na wala si maandalizi ya tiba. Baada ya hapo mtu anaweza kupaka dawa ya iodini ikiwapo. Mafuta ya taa, pilipili, majivu na unga wa betri, ambavyo bado naviona vimepakwa juu ya majeraha, huchoma nyama na kulichelewesha jeraha kupona bila kuvigusa virusi vilivyo ndani. Naomba pia wenzangu wa zahanati wasiharakishe kushona jeraha la mbwa, kwa maana kulifunga ni kuvifungia uchafu na virusi humo humo.

Kisha chanjo. Wapo wanaoikwepa kwa sababu babu zao walisimuliwa habari za sindano nyingi za tumboni. Chanjo hiyo ya zamani haitumiki tena. Siku hizi mtu mzima huchomwa begani na mtoto mdogo pajani, na ratiba iliyozoeleka ya sindano za msuli ni siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza pia njia ya kuchoma kiasi kidogo ndani ya ngozi kwa siku ya 0, 3 na 7. Pale ambapo ngozi imetoboka au mate yamegusa macho au mdomo, huhitajika pia kingamwili zilizo tayari, ambazo huchomwa ndani na kandokando ya jeraha ili kuvikabili virusi wakati mwili unajifunza kujitengenezea kinga yake. Mjamzito na anayenyonyesha huchanjwa bila wasiwasi. Kinachowezesha kumchanja mtu baada ya kuumwa ni ule upole wa safari ya virusi: Louis Pasteur aliutegemea upole huo tarehe 6 Julai 1885, alipoanza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ameumwa siku mbili kabla, naye akapona.

Jambo moja zaidi kuhusu mbwa, ambalo hunisikitisha kila mara: umati humuua kwa mawe na kumzika kabla mtu yeyote hajaulizwa. Mbwa anayeweza kufungwa bila kumhatarisha mtu afungwe, apewe chakula na maji, na afisa wa mifugo aarifiwe. Akiwa mzima baada ya siku kumi, basi hakuwa na virusi katika mate yake siku ile alipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Chanjo huanza siku ile ile, na uangalizi wa mbwa huendelea sambamba nayo. Haifai kungoja siku kumi ziishe kwanza.

Paka huleta jeraha lililo dogo kuliko yote na mara nyingi lenye usaha wa haraka kuliko yote. Meno yake ni membamba na marefu, hivyo huzamisha bakteria karibu na mfupa na kano, kisha tundu hujifunga juu. Kidole kilichoumwa na paka jioni kinaweza kuamka kimevimba na chekundu, nacho huhitaji antibiotiki, na wakati mwingine kupasuliwa. Paka pia hupata kichaa.

Binadamu je? Hapa watu huona aibu, na aibu hiyo huharibu mikono. Jeraha baya la meno ya mtu mara nyingi halionekani kama la kuumwa: ni mchaniko mdogo juu ya kifundo cha kidole cha aliyempiga mwenzake ngumi mdomoni. Ngumi inapokunjuliwa, kano hurudi nyuma na kuyabeba mate hadi ndani ya kiungo, na baada ya siku mbili kidole hakikunjiki. Ukiwa na mchaniko kama huo, mweleze tabibu ukweli wa ulivyoupata. Kazi yetu ni kuutibu mkono, si kuamua nani aliyeanza ugomvi. Tutafikiria pia homa ya ini aina ya B, na ikiwa kulikuwa na damu mdomoni, virusi vya Ukimwi, ambavyo ni nadra sana kuambukizwa kwa njia hii, lakini dawa za kuzuia hufaa tu zikianzwa ndani ya saa 72. Wengine hukimbilia kituo cha polisi kutafuta fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, kabla ya kuosha jeraha. Fomu hiyo ni haki yako, lakini maji na sabuni vitangulie.

Nyoka wana utaratibu tofauti. Katika msitu wa Kakamega na mashamba yanayoupakana wapo swila wa msituni, nyoka aitwaye mamba wa kijani wa msituni (si mamba wa mtoni) na nyoka wa jamii ya kifutu, na kifutu wa kawaida huenea mbali zaidi. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha mguu, ilhali ya swila na mamba hulegeza kope, kisha ulimi, kisha pumzi, pengine bila uvimbe wa kutisha. Mgonjwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kisichezeshwe, na aletwe hospitali. Kwenye bodaboda akae katikati, msaidizi akimshikilia kwa nyuma. Kufunga kamba hukata damu na kumgharimu mtu mguu. Kuchanja kwa wembe huongeza jeraha. Jiwe jeusi linalobandikwa juu ya jeraha halifyonzi sumu, na sifa zake zinatokana na wale walioumwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye sumu ambaye hakuitoa. Hata asiye na dalili tunamlaza kwa saa 24, tukiangalia kope zake na kuacha damu yake kidogo katika kichupa safi cha kioo kwa dakika 20 tuone kama inaganda.

Kuhusu wadudu nitasema machache. Kuumwa na mbu hakuhitaji hospitali. Homa inayofuata, katika kanda hii ya malaria, inahitaji kipimo siku hiyo hiyo. Malale, yaliyoletwa na mbung'o kule Busia na Teso, hayatusumbui tena.

Kila jeraha la meno pia ni sababu ya kuuliza ni lini ulipata chanjo ya pepopunda kwa mara ya mwisho. Na kwa walioanza chanjo ya kichaa cha mbwa: pigeni simu hospitalini kabla ya kusafiri ili mjue kama dawa ipo, na tarehe za kurudi ziandikwe kwenye kadi na kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani. Aliyekosa siku ya 7 kwa sababu ya nauli au mvua aje siku ya 8 au ya 9, bila kuogopa kukaripiwa. Hatuanzi upya, tunaendelea pale tulipoachia.